Aliitwa Mlevi Naye Hakunywa

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wakulima na makarani, nami ni mmoja wao. Nina shamba dogo la kahawa upande wa Embu, na mshahara wangu naupata kwa kalamu katika ofisi ya serikali. Leo nataka kuwaeleza habari za barua moja niliyoiandika mwaka 2015. Niliiandika nikidhani kwamba natimiza wajibu wangu, kumbe nilikuwa namdhulumu mtu mgonjwa. Sitataja jina lake wala jina la kijiji chake, kwa kuwa watoto wake ni vijana na maisha yao yako mbele yao. Lakini mkewe ameniruhusu kuzisimulia habari hizi. Alisema, "Andika, ili wengine wasitendewe kama tulivyotendewa sisi."

Mtu huyo alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika. Kwa muda wa miaka kumi na minne wakulima walimletea kahawa yao akaipima, wala hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kuangalia mizani mara ya pili, maana alijulikana kuwa mwaminifu. Alipofika umri wa miaka arobaini hivi, akaanza kubadilika. Vidole vyake havikutulia hata alipokuwa ameketi. Mara bega lilipanda, mara uso ulikunjamana, mara mguu ulirushwa kana kwamba umeumwa na siafu. Hesabu zake zilianza kukosewa, na mwandiko wake, uliokuwa mzuri, ukapotoka. Aliyekuwa mpole akawa mwepesi wa hasira, na siku moja akamtukana mzee mbele ya watu kwa ajili ya kilo mbili za kahawa. Akitembea aliyumba huku na huku njiani.

Basi watu wakasema, "Bwana huyu sasa ni mlevi." Malalamiko yakaletwa ofisini, nami nikaagizwa kuandika barua. Nikaiandika kwa Kiingereza safi nilichofundishwa katika shule ya misheni, nikasema kwamba mtu huyo amekuwa akifika kazini amelewa. Baada ya miezi mitatu akaachishwa kazi pasipo malipo ya miaka yake ya utumishi. Katika sisi sote tuliotia mkono katika jambo hilo, hakuna hata mmoja aliyemkaribia kunusa pumzi yake.

Nyumbani kwake walijua kwamba hanywi, kwa sababu alikuwa mtu wa kanisa na pombe haikuingia katika nyumba ile. Lakini kwa kuwa hawakuwa na sababu nyingine, wakatafuta ya kwao. Wakasema amelogwa na jirani, mzee mmoja waliyekuwa na ugomvi naye wa mpaka wa shamba. Mganga wa kienyeji akala mbuzi wawili, na yule mzee jirani hakulala nyumbani kwake kwa mwezi mzima, akiogopa kuchomewa nyumba.

DAKTARI ALIYEULIZA

Mwaka 2016 mtu huyo alianguka penye mawe ya kijito akapasuka kichwa, akapelekwa hospitali. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke kijana. Alipokuwa akishona jeraha aliona mambo mawili. La kwanza, pumzi ya mgonjwa haikuwa na harufu ya pombe hata kidogo. La pili, vidole vya mgonjwa vilicheza juu ya goti lake muda wote, kama vya mtu apigaye kinanda, wala mwenyewe hakuonekana kujua.

Akamgeukia mkewe akamwuliza, "Mama, akilala usingizi, mwili wake hutulia?"

"Hutulia kabisa, daktari. Ukimwona usingizini utasema hana ugonjwa."

"Na asubuhi, kabla hajala wala kunywa kitu?"

"Huanza pale pale afumbuapo macho."

Ndipo daktari akauliza swali ambalo ofisi yetu haikuliuliza, na mganga wa kienyeji hakuliuliza, na halmashauri ya chama haikuliuliza. Alisema, "Baba yake alikuwaje?"

Mama huyo hakujua, kwa kuwa alipoolewa mkwewe alikuwa tayari mgonjwa, naye aliambiwa tu kwamba mzee ameharibiwa na pombe. Basi akaitwa baba mkubwa wa mgonjwa, mzee aliyepita miaka themanini, mwenye nguvu na akili timamu. Mzee akaketi kwenye benchi ya hospitali akasimulia, na daktari akachora kwenye karatasi. Kila mwanamume alichorewa mraba na kila mwanamke duara, na kila aliyeugua alitiwa wino mweusi.

WATU WANNE, SABABU NNE

Karatasi hiyo nimeiona kwa macho yangu. Wa kwanza kutiwa wino alikuwa babu. Huyu alikamatwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, akarudi kutoka kizuizini mwaka 1959. Mwili wake ulikuwa ukijitupa huku na huku, na akili ilikuwa imepungua. Watu walisema, "Amepigwa kichwani na askari." Sababu hiyo ilitosha, kwa maana wengi walipigwa kweli.

Wa pili alikuwa baba, aliyeanza kuugua yapata mwaka 1985 akafa mwaka 2001. Watu walisema, "Ni pombe." Yeye alikunywa kweli, lakini mzee alieleza kwamba kuyumba kulitangulia, na pombe ikafuata kwa ajili ya aibu.

Wa tatu alikuwa shangazi. Huyu aliolewa ng'ambo ya mto Thuci, upande wa Chuka, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru. Alipoanza kuangusha vyungu na kugombana na kila mtu, akarudishwa kwao. Watu walisema ni kirumi, yaani laana ya wazee, kwa sababu aliwahi kumjibu vibaya mama yake. Akafa mwaka 1996.

Wa nne alikuwa mgonjwa mwenyewe, ambaye ofisi ilimwita mlevi na jamaa zake wakasema amelogwa.

Sababu zilikuwa nne, na ugonjwa ulikuwa mmoja tu. Hapo ndipo nilipofahamu jinsi jambo kubwa linavyoweza kufichika machoni pa watu wenye akili. Ugonjwa huu huanza mtu akiwa mtu mzima, aghalabu kati ya miaka thelathini na hamsini, naye amekwisha oa na kuzaa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa hupita miaka ishirini na mitano au thelathini, na katika miaka hiyo watu husahau. Kila wakati pia una sababu yake iliyo tayari: leo vita, kesho pombe, keshokutwa uchawi. Aidha sisi huhesabu ukoo kwa wanaume. Binti akiolewa mbali, ugonjwa wake huhesabiwa kuwa ni habari ya watu wengine, ingawa damu ni ile ile.

Mkulima wa Meru au Embu mwenye ng'ombe wa maziwa hawezi kumpandisha kabla hajajua habari za fahali. Kadi ya ng'ombe wake ina jina la baba, na la mama, na la babu. Lakini mwulize mtu huyo huyo, "Nyanya yako mzaa mama alikufa kwa ugonjwa gani?" Atakuna kichwa. Twaijua nasaba ya mifugo kuliko nasaba yetu wenyewe.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu huitwa ugonjwa wa Huntington. George Huntington alikuwa daktari wa Marekani, naye alichapisha maelezo yake mwaka 1872 akiwa na umri wa miaka 22 tu. Alikulia katika kisiwa cha Long Island, karibu na New York. Alipokuwa mtoto, akifuatana na baba yake katika safari za kutibu wagonjwa, aliwaona njiani wanawake wawili, mama na binti yake, warefu na wembamba, wakijipinda na kukunja nyuso zao. Hakuwasahau maisha yake yote.

Kijana huyo aliweza kuona yale ambayo madaktari wakubwa hawakuyaona kwa sababu baba yake na babu yake walikuwa madaktari katika nchi ile ile, na waliwatibu wazazi na mababu wa wagonjwa wale wale. Kwa hiyo alikuwa na kumbukumbu za vizazi vitatu. Yule mzee kwenye benchi ya hospitali alimfanyia daktari wetu kazi kama hiyo.

Kwa muda mrefu watu wengi waliudhani ugonjwa huu kuwa ni wa watu wa asili ya Ulaya. Lakini mwaka 1973 Daktari Harries aliandika katika jarida la udaktari la Afrika ya Mashariki juu ya ugonjwa huu mashambani, na mwaka 1981 Daktari Scrimgeour akaandika habari zake katika Tanzania. Si ugonjwa wa watu wengi, lakini upo katika Afrika yetu, na mtu asidhani kwamba mlima Kenya unaweza kuuzuia.

Kinachougua ni ubongo. Ndani yake, katika sehemu zinazotawala mwendo wa viungo, chembe hufa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo viungo hujiendea vyenyewe, na fikira na tabia hubadilika pia. Hauambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kulala chumba kimoja, wala kwa kumwuguza mgonjwa.

JINSI UNAVYORITHIWA

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Mkondo wa ugonjwa huu ni jeni moja iliyomo katika kromosomu ya nne. Jeni ni kama maandishi madogo ndani ya kila chembe ya mwili, yenye maagizo ya kuujenga mwili huo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Wale waliosoma habari za mtawa Gregor Mendel na njegere zake watakumbuka kwamba kuna sifa ambazo nakala moja tu yatosha kuzidhihirisha. Ugonjwa huu ni wa namna hiyo.

Mzazi mwenye nakala moja mbovu humpa kila mtoto ama ile mbovu ama ile nzuri. Ni kama kurusha shilingi. Kila mtoto hurushiwa shilingi yake mwenyewe, awe wa kiume au wa kike, kifungua mimba au kitinda mimba, wala shilingi haikumbuki mara iliyopita iliangukaje. Kwa hiyo nyumba yenye watoto wanne yaweza kuwa na wagonjwa wawili, au wanne, au asiwepo hata mmoja. Si kweli kwamba mtoto anayefanana na baba kwa sura ndiye atakayeugua.

Jambo jingine la kufurahisha ni hili. Mtoto asiyepewa nakala mbovu hana cha kuwarithisha watoto wake. Uzi umekatika. Yule baba mkubwa mwenye miaka zaidi ya themanini alikuwa ndugu wa wagonjwa wawili, lakini yeye mwenyewe hakuugua, wala hapana mtoto wake aliyeugua. Ugonjwa huu hauruki kizazi kisha ukarudi. Ukisikia kwamba umeruka, huenda mzazi wa katikati alikufa mapema kabla dalili hazijatokea.

Kosa la jeni hii ni kosa ambalo karani yeyote atalielewa. Ndani yake mna neno la herufi tatu, C, A na G, linaloandikwa na kurudiwa mara kadha wa kadha. Likirudiwa mara 26 au chini ya hapo, hakuna neno. Kati ya 27 na 35 mtu mwenyewe haugui, ingawa mara chache hesabu huweza kuongezeka kwa watoto wake. Kati ya 36 na 39 huenda akaugua, huenda asiugue. Likifika 40 au zaidi, ataugua akijaliwa umri wa kutosha. Kadiri hesabu inavyozidi kuwa kubwa ndivyo ugonjwa unavyoelekea kuanza mapema. Hesabu huweza kuongezeka kutoka kizazi hata kizazi, hasa ikipitia kwa baba. Ndiyo sababu mara chache hata mtoto wa shule huugua, naye huwa mgumu wa viungo na kurudi nyuma katika masomo kuliko kuchezacheza.

Ujuzi huu haukupatikana kwa urahisi. Bibi Nancy Wexler wa Marekani, ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa huu mwaka 1978, alikwenda na wenzake kwenye vijiji vya wavuvi kando ya ziwa Maracaibo, Venezuela, kwenye jamaa kubwa zenye ugonjwa huu. Mwaka baada ya mwaka waliandika nasaba na kuchukua damu, mpaka orodha yao ikapita watu 18,000. Kwa msaada wa wavuvi wale mahali pa jeni palijulikana mwaka 1983, na jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1993.

DALILI ZA KUANGALIA

Kwanza ni mwendo wa viungo. Vidole, mabega, uso na miguu hujiendea pasipo mtu kutaka. Mwanzoni huonekana kama wasiwasi tu, na mgonjwa hujaribu kuuficha kwa kujifanya anakuna kichwa au kunyosha nguo. Mashaka au hasira huuzidisha, usingizi huutuliza.

Pili ni akili na moyo. Huenda dalili hizi zikatangulia miaka kadhaa kabla ya viungo kucheza. Mtu hushindwa kupanga kazi aliyoizoea, husahau, hukasirika kwa jambo dogo, au hunyamaza na kukata tamaa. Jamaa waangalie sana jambo hili la kukata tamaa, maana wagonjwa wengine hujiua.

Tatu, baadaye, maneno huwa mazito, chakula hupalia, na mwili hukonda ingawa mtu anakula.

Mlevi huyumba jioni, akalala, akaamka asubuhi yu mzima. Mgonjwa huyu huamka na ugonjwa wake, na mwaka ujao huwa umezidi kuliko mwaka huu. Mtu aweza kuiona tofauti hii pasipo chombo chochote, akikubali tu kutazama.

JINSI DAKTARI ANAVYOHAKIKISHA

Daktari yule alimwambia mgonjwa atoe ulimi na kuuacha nje mpaka ahesabu kumi. Hakuweza, ulimi ulirudi ndani wenyewe. Akampa vidole viwili avibane kwa nguvu sawasawa. Mkono ukabana na kulegea, ukabana na kulegea, kama mtu akamuaye ng'ombe. Akamwambia afuate kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa, kisha atembee kwa mstari, kisigino kikigusa kidole cha mguu. Yote hayo yalikuwa magumu kwake.

Hata hivyo daktari mwangalifu hakati shauri upesi, maana yako magonjwa mengine yanayofanana na huu, na baadhi yake yanatibika. Mtoto aliyeumwa na koo na kuachwa bila dawa huweza kuchezacheza kwa ugonjwa ule ule unaoharibu moyo. Dawa fulani za wagonjwa wa akili, zikitumiwa siku nyingi, huleta mwendo wa uso na ulimi. Ugonjwa wa sukari, wa tezi la shingo, kaswende, virusi vya UKIMWI na kiharusi, vyote huweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo damu ilipimwa kwa hayo kwanza, na mgonjwa akapelekwa Nairobi kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Huko, baada ya kuelezwa na kukubali, alitolewa damu ya kuhesabu lile neno la herufi tatu. Maabara zenye kazi hiyo si nyingi na gharama si ndogo, basi yafaa kuuliza mapema. Jibu lilirudi: mara 44. Na iwapo dalili ni dhahiri lakini hesabu ni ya kawaida, habari haijaisha. Mwaka 2001 wataalamu waligundua jeni nyingine inayoleta ugonjwa unaofanana sana na huu, nao umeonekana katika jamaa zenye asili ya Afrika.

JE, WALIO WAZIMA WAPIMWE?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, nami naomba wasomaji walifikiri kwa utulivu. Kumpima mgonjwa ni kutafuta sababu ya mateso anayoyaona. Kumpima kijana mzima ni kumwambia leo jambo ambalo litampata baada ya miaka ishirini, na ambalo hakuna dawa ya kulizuia. Kwa sababu hiyo madaktari hawawapimi watoto wasio na dalili. Mtu mzima hupimwa kwa hiari yake, baada ya kuketi na mshauri, na majibu ni siri yake. Asilazimishwe na mkwe, wala mwajiri, wala kanisa, wala serikali.

Mgonjwa wetu alikuwa na watoto watatu. Binti mkubwa aliketi na mshauri mara mbili, kisha akaamua kutopimwa kwa sasa. Alisema, "Nusu ya shilingi ni yangu, nami nataka kuishi nayo." Kijana wa pili amesema atapimwa kabla hajaoa, ili mchumba wake asidanganywe. Wa tatu bado yuko shuleni. Wawili hao wana mashauri mbalimbali, na yote mawili ni ya haki. Jirani akiuliza, "Je, yule binti anao?" swali lake halistahili kujibiwa.

LA KUFANYA NYUMBANI

Hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huu. Lakini ziko dawa za kupunguza mwendo wa viungo, na za kutuliza hasira na huzuni, nazo hutolewa na daktari. Mengine yamo mikononi mwa jamaa. Mgonjwa huhitaji chakula kingi kuliko mtu mzima, chenye nguvu, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Chakula kiwe laini, naye ale ameketi wima, bila kuharakishwa, maana chakula kikipita njia ya pumzi huleta homa ya mapafu. Asiachwe peke yake penye mafiga ya moto, wala asipande bodaboda, wala asipewe panga. Aulizwe jambo moja kwa wakati mmoja, na asubiriwe ajibu. Mara nyingi yeye huelewa kuliko awezavyo kusema.

BARUA YA PILI

Mwaka 2017 mke wa mtu yule alifika ofisini kwetu na bahasha ya hospitali. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani akasema, "Bwana karani, soma hii, halafu usome ile uliyoiandika wewe." Nikazisoma zote mbili mbele yake, nikaona haya.

Nikaandika barua ya pili, mkubwa wangu akaitia sahihi. Chama kikaijadili, na malipo ya miaka yake ya utumishi yakalipwa. Kazi yenyewe hakuweza kuirudia. Wazee wakakutana barazani, na mzee jirani akaombwa radhi mbele ya watu. Alikubali, ijapokuwa alisema kwamba ule mwezi aliolala nje haukumtoka moyoni. Mgonjwa alifariki mwaka 2023, nyumbani kwake, akiwa amezungukwa na watu wake, wala katika mazishi hakuna aliyetaja pombe.

Taratibu ya ofisi haimruhusu karani kutoa karatasi katika faili. Kwa hiyo barua zangu zote mbili zimo humo, ya kwanza chini na ya pili juu yake.

Ndugu zangu wasomaji, ombi langu ni dogo. Jumapili moja chukueni daftari, keteni na mzee au bibi kizee wa ukoo wenu angali na kumbukumbu, mwandike majina ya jamaa wa upande wa baba na wa upande wa mama, wanaume na wanawake, na kila mmoja aliugua nini na akiwa na umri gani. Daftari hilo lihifadhiwe pamoja na hati ya shamba. Siku daktari atakapouliza, "Baba yake alikuwaje?" muwe na jibu. Na ninyi makarani wenzangu, mkiagizwa kuandika kwamba fulani ni mlevi, mwendeeni kwanza mkamnuse.